Foto Imetoka, Foto Haikutoka

Mgeni akiingia mu nyumba ya Lubumbashi, miaka ile ya filimu, hata mbele ya maji ya kunywa alikuwa anawekewa albamu juu ya mapaja. Mama wa nyumba anaenda jikoni, mtoto anatumwa kutafuta chupa ya Simba, na mgeni anabaki na kazi yake: kutazama. Hakuna aliyetufundisha sheria za kazi hiyo, lakini wote tulizijua. Unaanza ku ukurasa wa kwanza, hata kama ni picha za ndoa ulizokwisha kuona mara kumi. Haurukii ukurasa. Unauliza “huyu ni nani?” hata kama unamjua, juu ya mwenye nyumba anapenda kueleza. Na kabla ya kufunga albamu lazima useme neno. “Mulitoka.” Ao: “Hapa baba alitoka kabisa!”

Neno hilo “kutoka” lina kazi mbili. Mtu wa labo alikuwa anasema foto imetoka juu ya sura imeonekana, dawa imefanya kazi yake. Mama wa nyumba alikuwa anasema mtu ametoka juu ya uzuri wake, heshima yake, nguo yake, vyote vimeonekana. Neno moja kwa ufundi na kwa mtu mwenyewe. Tunaanzia hapo, sababu vijana wengi wenye kupiga picha kwa kupenda tu, bila kuwa na stidio wala wateja, wanakuja kutuuliza: “Nani atatuambia kama kazi yetu iko sawa?” Wanafikiri kwamba jibu liko mbali, kwa wazungu ao kwa watu waliosoma sanaa. Sisi tunasema, kazi ya kuhukumu picha iko desturi yetu ya siku nyingi. Lakini iligawanyika mara mbili, na nusu moja njo inapotea.

Nusu ya kwanza ni ile ya mgeni na albamu. Ni nusu ya adabu. Mgeni haangalii foto, anaangalia watu. Hata kama sura imetetemeka, hata kama kidole cha mpiga picha kimefunika kipande, mgeni anasema “mulipendeza”. Ni vizuri hivyo. Mtu haendi kwa watu kula bukari yao halafu anawaambia harusi yao ilipigwa vibaya.

Nusu ya pili ilikuwa kwa mteja, na pale adabu ilikuwa kidogo. Mpiga picha wa mtaa, yule anayepita Kenya, Katuba ao Ruashi na apareyi shingoni, alikuwa anapokea avansi, anapiga, anangoja filimu ya picha 36 iishe, anapeleka ku labo, anarudi na bahasha. Karatasi amekwisha kulipa kwa feza yake. Sasa mteja anatoa foto mu bahasha, anaisogeza ku mwanga, na hukumu inaanguka: “Hii foto haikutoka. Umenikata miguu, miye niko kilema?” Foto inarudi mu bahasha, na mpiga picha anakula hasara.

Wengine wetu waliosoma tulikuwa tunacheka hukumu hizo. Tuliziita ujinga wa watu wa mtaa wasiojua sanaa. Leo tunaona kwamba tulikosea. Angalia vizuri sababu walizotoa. “Umenikata miguu”: viatu vilinunuliwa juu ya siku ile, na mtu alikuja mzima, anataka kurudi mzima. “Kikwembe hakionekane”: kitambaa kina maua makubwa, na mpiga picha amesogea karibu mpaka maua yamepoteza maana. “Nyuma kuko nguo za jirani juu ya kamba”: mteja ameona kitu ambacho jicho la mpiga picha halikukiona, juu ya yeye alikuwa anatazama uso tu. Hayo si maneno ya mtu asiyejua. Ni masomo matatu: umbali, namna ya kuchagua mpaka wa picha, na kutazama yaliyo nyuma ya mtu. Mwalimu wa shule ya sanaa anafundisha hayo hayo, ila yeye hakatali kulipa.

Na kuko ile hukumu kubwa kuliko zote: “Umeniweka mweusi sana, sionekane.” Hapo watu wengi wanaharakisha kusema kwamba mteja anaona haya ya rangi yake. Labda kuko wenye haya, hatukatai. Lakini mara nyingi mteja alikuwa anasema kweli tupu ya ufundi. Kipimo cha mwanga ndani ya apareyi kinahesabu kama vile kila kitu mbele yake ni cha rangi ya majivu. Umesimamisha mama mbele ya ukuta mweupe saa sita za mchana, kipimo kinaona weupe mwingi, kinapunguza mwanga, na uso wa mama unaanguka mu giza. Tena labo za rangi zenyewe zilikuwa zinasawazisha rangi kwa kadi ya mfano yenye sura ya mwanamke mzungu. Ile ya Kodak ilijulikana kwa jina la Shirley, na ni mu miaka ya 1990 tu njo Kodak ilitoa kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali. Kwa hiyo mama wa Katuba aliyerudisha foto yake akisema “huyu si miye” alikuwa anakosoa mpiga picha, na kiwanda pia, bila kujua kiwanda kiko wapi. Wapiga picha wazuri wa mtaa walijifunza kutokana na maneno hayo: wanamwondoa mtu ku ukuta mweupe, wanamsimamisha mu kivuli cha muembe, wanapimia mwanga ku uso wenyewe. Hakuna kitabu kilichowafundisha. Ni bahasha zilizorudishwa.

Sasa kijana wa leo anapiga na telefone, ao na apareyi ndogo ambayo kaka yake alimtumia kutoka ng’ambo. Hakuna filimu, hakuna avansi. Hakuna mwenye kulipa, basi hakuna mwenye kukataa. Anaonyesha rafiki zake, wanasema “muzuri”, wanainua kidole gumba, wanapita. Nusu ya adabu peke yake njo imebaki. Kila mtu amekuwa mgeni mwenye albamu juu ya mapaja. Dada zetu wanaopiga picha wanapata mabaya zaidi, juu ya wanasifiwa kwa ushujaa (“mwanamke na apareyi, bravo!”) na hakuna anayejisumbua kutazama kile walichopiga. Wenye kukataa sana leo ni watu wa usalama, wanaouliza ruhusa ukitoa apareyi karibu na daraja ao uwanja wa ndege. Hao hawajali kama mwanga ni mzuri.

Juu ya hiyo sisi wachache tulianza kukutana, siku ya posho, mu salon ya mmoja wetu. Kila mtu alileta picha tatu zilizochapwa ku karatasi, juu ya ku telefone kila kitu kinang’aa na makosa yanajificha. Tulizitandaza juu ya mkeka. Mwanzo tulikuwa wabaya sana. Tuliongea maneno makubwa tuliyosoma, “ujumbe”, “ishara”, “hisia”, na kijana aliondoka bila kujua kama alisimama mbali sana ao karibu sana. Kisha jambo moja lilitupata, na tunataka kulieleza bila kujificha, juu ya kosa lilikuwa letu.

Kijana mmoja kati yetu alileta foto ya mzee wa jirani yake. Mzee huyo alikuwa mfanyakazi wa Gécamines na aliondoka mu ule mpango wa kuondoka kwa mapenzi, ulioungwa mkono na Banki ya Dunia mu 2003 na 2004, wakati wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipoacha kazi. Mu foto anasimama na kofia ngumu ya kazi ku kichwa, mikono inaning’inia, macho chini, na mbali nyuma yake unaona mumbunda na ule mlima mweusi wa takataka za madini ambao kila mutu wa Lubumbashi anaujua. Mwanga ulikuwa wa jioni, mzuri kabisa. Tulinyamaza wote. Kisha tukaanza kuisifu: jasho la wababa zetu, Union Minière ya 1906, utaifishaji wa 1967, kuanguka kwa kampuni, yote mu uso mmoja! Tuliichagua kuwa ya kwanza kati ya zote za mwaka ule, na tukaipeleka ku maonyesho madogo. Kule pia ilisifiwa, na kijana akapewa zawadi.

Hakuna hata mmoja kati yetu aliyeuliza kama mzee ameiona.

Ni mama ya kijana njo aliyempelekea mzee foto ile. Mzee aliitazama muda mrefu, akaanza kucheka, kisha akaacha kucheka. Akasema: “Kofia hii ni ya nani? Miye nilikuwa karani ku magazini. Miaka yangu yote sikuvaa kofia. Nilikuwa na kalamu mbili mu mfuko wa shati, ya bleu na ya rouge.” Kofia, kijana alikuwa ameikopa kwa mjomba wake. Na macho chini? “Uliniambia nitazame chini, nikafikiri umeona nyoka.”

Tukaonewa haya. Kila neno tulilosema juu ya mkeka lilikuwa juu ya kofia ya kukopa. Tulisoma foto kama kitabu cha historia, na historia ya mtu aliyesimama pale hatukuijua. Mteja wa zamani, yule wa bahasha, hangeweza kukosa kitu kile. Angeona kofia mara moja na angesema “hii siyo miye”. Sisi tulimwondoa mteja, tukabaki na wasomi.

Hapa tuseme neno juu ya Sammy Baloji, sababu kijana wetu alijitetea kwa jina lake, na vijana wengi wanafanya hivyo. Baloji alizaliwa Lubumbashi mu 1978. Mu kazi yake Mémoire, ya 2006, alikata picha za watu kutoka picha za kampuni za wakati wa ukoloni, nyeupe na nyeusi, wafanyakazi na wakubwa wao, akaziweka juu ya picha za rangi za viwanda vilivyobomoka. Mu 2007 alipata zawadi mbili ku Bamako, ku maonyesho makubwa ya picha ya Afrika. Mu 2008 yeye na wenzake wakaanzisha Rencontres Picha hapa kwetu, na tangu pale vijana wengi walipata mahali pa kuona na pa kuonyesha. Sifa hiyo ni ya haki. Lakini waliomfuata walichukua mabomoko, wakaacha utafiti. Watu wake waliokatwa walikuwa wafanyakazi wa kweli, waliopigwa na apareyi ya kampuni. Wafanyakazi wale hawakuulizwa kama foto imetoka. Walisimamishwa, wakapigwa, foto ikaenda mu kabati ya biro. Kwa mawazo yetu, nguvu ya kazi ya Baloji iko pale: amewatoa mu kabati na kuwasimamisha tena mbele ya macho yetu. Kijana anayemvalisha mzee kofia ya kukopa na kumwambia atazame chini anafanya kinyume chake. Anarudi ku kazi ya apareyi ya kampuni.

Kuko wengine waliotangulia ambao tungepaswa kuwasikiliza mapema zaidi, nao ni wachoraji. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mu muji huu mu 1947, aliuza picha zake kwa watu wa kawaida, watu wa kuziweka mu salon. Mu 1973 na 1974 aliongea sana kwa Kiswahili na Johannes Fabian, aliyekuwa anafundisha ku chuo kikuu chetu wakati ule, juu ya mfululizo wa picha karibu 100 za historia ya inchi. Neno ambalo watu wa muji walitumia juu ya picha za namna hiyo lilikuwa “ukumbusho”. Picha ya mamba, ya fimbo ya Colonie belge, ya treni, haikununuliwa juu ya rangi zake tu. Mgeni akikaa chini yake, mwenye nyumba anaanza kueleza. Picha isiyofungua kinywa cha mtu haina ukumbusho, hata kama imepakwa vizuri.

Tangu siku ya kofia tunatumia kipimo hicho ku mkeka wetu. Hatuulizi tena “unapenda?” Tunauliza “inakukumbusha nini?”, halafu “nini ndani ya picha inakukumbusha hivyo?” Swali la pili njo lina kazi, juu ya linamrudisha msemaji ku karatasi: mkono huu, kivuli hiki, kiti hiki kilichokatwa nusu. Mwenye foto ananyamaza mpaka wengine wamalize. Hiyo iko ngumu sana, wengine wanauma midomo. Neno “muzuri” halikatazwi, lakini ukilisema lazima uongeze “juu ya nini”, na mara nyingi mtu akitafuta juu ya nini anakuta kwamba anapenda mtu aliye mu picha, si picha. Si zambi. Ila aseme.

Ugumu mwingine ni wa heshima. Kati yetu kuko baba mmoja wa miaka karibu sabini, aliyepiga picha tangu ujana wake. Kijana wa miaka ishirini anawezaje kumwambia mbele ya watu kwamba foto yake imetetemeka? Kwa muda mrefu picha za baba huyo zilipita juu ya mkeka bila neno, na yeye mwenyewe alianza kuchoka na sifa. Siku moja dada mmoja akamuuliza: “Baba, hapa ulipenda tuangalie wapi kwanza?” Mzee akatazama foto yake, akatazama tena. Akasema: “Ku mtoto. Lakini ninyi munaangalia ndoo.” Ilikuwa kweli, ndoo nyekundu ilikuwa kubwa kuliko mtoto. Alijikosoa mwenyewe, hakuna aliyemuaibisha. Tangu pale tunamuuliza kila mtu swali hilo, mkubwa ao mdogo.

Na yule mzee wa kofia? Kijana alikasirika kwanza. Alikaa miezi miwili bila kugusa apareyi, akisema wazee hawajui sanaa, maneno yale yale tuliyosema sisi zamani. Kisha alirudi kwake, akamuuliza apigwe namna gani. Mzee akachukua saa nzima. Akavaa koti, akaweka kalamu mbili mu mfuko, akatoa meza inje, juu ya meza akaweka radio yake na daftari kubwa ya magazini aliyoondoka nayo (hatukuuliza kama alipewa). Akatazama mbele kabisa, ndani ya apareyi, kama watu wanavyotazama mu stidio. Miguu yote inaonekana, na viatu.

Kwa macho yetu ya wasomi foto ile ni ya kawaida. Mwanga umesimama wima, meza inakata picha vibaya. Kijana alipoileta ku mkeka, wawili kati yetu walisema wazi kwamba ile ya kwanza ilikuwa na nguvu zaidi, na mmoja bado anasema hivyo mpaka leo. Hatukumnyamazisha, juu ya ana sehemu ya haki: mwanga wa ile jioni ulikuwa mwanga wa kweli, hata kama kofia ilikuwa ya uongo. Kijana angeweza kumpeleka mzee na kalamu zake mu mwanga ule ule. Hakufikiri, na sisi hatukumwambia kwa wakati.

Mzee alikufa mwaka uliofuata. Mu kilio, foto iliyowekwa mbele ilikuwa ya kalamu mbili. Watu waliofika walisimama mbele yake na kuanza: huyu alikuwa anaandika kila msumari unaotoka, huyu alikataa kutoa mafuta bila karatasi, huyu aliniandikia barua ya kuomba kazi. Kijana alikuwa amekaa nyuma ku viti vya plastiki, anasikiliza.

Wiki zilizopita binti mmoja alileta foto ya mikono ya kambo yake. Mikono tu, juu ya ungo, inachagua maharage, uso haumo. Ukali wa picha uko vizuri, unaona kila mshipa. Juu ya mkeka tuligawanyika. Wengine walisema uso haukuhitajika, maisha yote yako mu vidole vile. Wengine wakakumbusha miguu iliyokatwa na bahasha zilizorudishwa. Tukamwambia amwonyeshe kambo mwenyewe, kisha arudi. Alirudi siku ya posho iliyofuata. Kambo alikuwa amechukua foto, ameitazama mbele, akaigeuza na kutazama nyuma ya karatasi, akauliza: “Na miye niko wapi?”

Binti ameileta tena ku mkeka. Bado tunabishana.